Kilima Kiligeuka

Jina la Nukta alipewa na baba yake, fundi cherehani. Alipokuwa msichana mdogo hakukubali jambo liishe hivi hivi; lazima aulize mpaka mwenzake achoke. Alipoanza kuandika, kila sentensi yake ilifungwa kwa nukta kubwa kama tundu la kifungo. Jina likamganda. Alisoma, akahitimu, akaajiriwa idara ya upimaji, na hata huko ofisini, mkubwa kwa mdogo, wote walimwita Nukta.

Alipima ardhi, lakini si viwanja. Wa viwanja walikuwa mlango wa pili, wale wenye foleni ya watu waliogombana kwa ajili ya mipaka. Yeye na wenzake wawili waliipima dunia yenyewe: umbo lake, nguvu yake ya kuvuta vitu ambayo huzidi kidogo hapa na kupungua kidogo pale, na jinsi ardhi inavyosogea chini ya watu waliolala. Baba yake hakuchoka kumtania.

"Haya, wewe uliyeisomea, dunia ikoje?"

"Si duara kamili, Baba. Juu na chini imebonyea kidogo, katikati imenenepa."

"Ina kitambi."

"Tuseme hivyo."

"Basi huyo ni mteja wangu. Wanaume wote wanaokuja hapa wako hivyo hivyo, na kila mmoja anataka nimkatie suruali kwa kiuno cha ujana wake."

Mzee aliishi peke yake tangu mkewe afariki. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kilima, vyumba vitatu na duka la kushonea mbele. Kaka yake Nukta, fundi magari ambaye mji mzima ulimwita Spana, alikuwa na familia yake bondeni, karibu na gereji. Nukta alipanga karibu na ofisi. Jumapili wote walipanda kwa mzee, wakala, wakabishana, wakashuka.

Barabara ya juu ya kilima ilipoanza kupasuka, idara ilisimika nguzo nne za zege, fupi kama vigoda, kila moja na kichwa cha shaba katikati. Nukta ndiye aliyepewa kilima. Kila baada ya miezi michache alipanda na dereva wa ofisi, wakaweka juu ya nguzo kile chombo cha kupokea satelaiti ambacho watoto wa mtaa walikiita uyoga, wakasubiri, wakashuka na namba. Namba zilionyesha kwamba nguzo tatu za upande mmoja zilikuwa zinateremka. Kidogo sana, upana wa uzi, kisha upana wa kidole mvua zikizidi. Nukta aliandika taarifa kwamba watu wa upande ule wahamishwe. Taarifa ikapanda ngazi, ikafika mahali ikakaa.

Siku moja, kazi ya nguzo ilipokwisha, mzee alimwita kutoka mlangoni.

"Nimekupima tangu ukibebwa mgongoni. Leo nipime na mimi."

Nukta akacheka, akasimamisha uyoga kwenye kona ya nyumba, pale duka lilipoungana na ukuta wa chumba. Dereva akapewa kikombe cha chai. Namba za kona ile zikaingia kwenye kompyuta pamoja na za nguzo, na hakuna aliyeona haja ya kuzifuta.

"Na hicho kilima chako kinasemaje?" mzee aliuliza, akikata uzi kwa meno.

Vipimo vya mara ile vilikuwa vimepungua. Mvua zilikuwa zimekatika, kilima kimetulia.

"Kimepunguza mwendo, Baba."

"Basi hakina haraka. Na mimi sina haraka."

Ingefaa amwambie kwamba kupungua si kusimama. Ingefaa amwambie ahame hata kama kilima kimepunguza mwendo. Lakini mzee alikuwa amekwisha kukataa mara nyingi, na siku ile ilikuwa nzuri, na Nukta alikuwa amechoka kuwa mtu wa kuleta hofu kila anapopanda. Alicheka pamoja naye. Akashuka.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja kwa fujo. Zilinyesha mchana kutwa na usiku kucha, zikapumzika kidogo, zikaanza upya. Nukta alikuwa mezani kwake asubuhi, koti bado linachuruzika maji, Spana alipopiga simu.

"Nukta," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Kwetu hakupo."

Nukta alibeba uyoga na fimbo yake ya kuusimamishia, akampita mkuu wa idara kwenye ngazi bila kumsalimu, na dereva alipomwona uso wake akawasha gari kabla hajafungua mlango.

Kilima kilikuwa kimevuliwa ngozi. Kuanzia barabara ya juu mpaka karibu na bonde palikuwa na jeraha jekundu, na chini ya jeraha ulilala mlima mwingine mpya wa tope, mabati yakitokeza huku na huku, na mti mzima umelala mizizi juu. Watu walikuwa wanachimba. Wengine walikuwa na mabeleshi, wengine masufuria, mwingine alichimba kwa kifuniko cha ndoo. Spana alikuwa juu kabisa kwenye jeraha, ameingia mpaka magotini, anachimba mahali nyumba ilipokuwa imesimama. Alikuwa amepakadiria kwa kuangalia nguzo ya umeme iliyobaki upande wa pili.

Nukta alipanda kwa mikono na magoti mpaka akamfikia.

"Kaka, hapa hutamkuta."

"Nyumba ilikuwa hapa. Niliijenga na yeye, mimi nilibeba matofali."

"Ilikuwa hapa. Imeondoka na ardhi yake. Udongo uliokuwa chini ya nyumba uko kule chini."

Spana akamtazama kwa macho mekundu. "Kule chini wapi? Kule chini ni kote."

Hilo ndilo lilikuwa swali la kila mtu. Tope lilikuwa pana kuliko uwanja wa mpira, na chini yake kulikuwa na nyumba ambazo hakuna aliyejua ziko wapi. Katapila la kikosi cha uokoaji lilikuwa limezama barabarani kabla halijafika. Kamanda wa kikosi, mwanamume mpole aliyekwisha kupoteza sauti kwa kupiga kelele, alikuwa na watu wachache na mabeleshi, na hakujua awapeleke wapi.

Kisha dereva akaiona nguzo. Ilikuwa nguzo namba tatu, mbali chini ya pale ilipopaswa kuwa, imeinama kidogo, kichwa cha shaba kikichungulia kwenye tope. Nukta alipiga magoti, akaifuta kwa shati lake, akasimamisha uyoga. Dakika alizosubiri namba zitulie zilikuwa ndefu kuliko safari yote ya kuja. Nguzo ilikuwa imesafiri zaidi ya mita arobaini, kuteremka na kwenda kushoto.

Aliingia garini, akaweka kompyuta mapajani. Alikuwa na kona ya nyumba. Alikuwa na safari ya nguzo. Kama ardhi ilikuja yote pamoja, nyumba ilikuwa imefanya safari ile ile ya nguzo. Kilichobaki ni kujumlisha. Alijumlisha. Na wakati anajumlisha, kitu ndani yake kikasema taratibu kwamba nguzo moja haitoshi, kwamba hilo alifundishwa mwaka wa kwanza kabla hata hajaruhusiwa kugusa chombo. Nje, Spana alikuwa amesimama kwenye mvua anamtazama kupitia kioo. Nukta akafunga kompyuta.

"Najua alipo," alisema.

Kamanda alimwamini bila ubishi, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyesema anajua chochote. Nukta alitembea na fimbo yake mpaka namba zikakubaliana, akachomeka kijiti. Watu wakakusanyika pale kama nyuki. Spana alichimba kama mtu aliyepagawa. Kwa kuwa upande wa chini palikuwa panateleza, udongo walioutoa waliutupa upande wa kulia, mahali ambapo tope lilikuwa limetengeneza kibaraza cha tambarare. Hapo hapo kando ya lundo kina mama waliwasha jiko la mkaa, wakachemsha chai ya wachimbaji, na waliochoka wakaenda kukaa.

Walichimba mchana wote. Shimo lilifika kimo cha mtu, likapita. Walitoa mawe, mizizi, kiti cha plastiki ambacho hakuna aliyekitambua. Mara kwa mara kamanda aliinua mkono, wote wakanyamaza, wakasikiliza. Maji tu yalisikika. Giza lilipoanza kuingia na mvua kurudi kwa nguvu, kamanda aliwaondoa kwa lazima, na Spana ilibidi avutwe na watu wawili.

Nukta hakulala. Alikaa kwenye gari la ofisi, akaipiga simu ya baba yake ambayo haikupatikana, akaipiga tena, mpaka ya kwake ikazima.

Asubuhi walirudi shimoni. Hawakuchimba sana kabla beleshi halijagonga zege. Nukta aliruka chini na wengine. Ulikuwa mfuniko wa choo, mpana, wenye alama ya kiatu cha mtoto aliyeukanyaga zamani kabla haujakauka.

"Hiki ni choo cha Mwalimu," Spana alisema. Mwalimu mstaafu alikuwa jirani yao, na bahati yake alikuwa amelazwa hospitali ya mjini. "Namjua hata huyo mtoto aliyekanyaga."

Akageuka kutazama juu, akageuka kutazama chini.

"Choo cha Mwalimu kilikuwa nyuma yetu. Kushoto, nyuma. Kimefikaje hapa mbele?"

Nukta aliutazama ule mfuniko. Alikulia chini ya meza ya kukatia nguo. Alijua toka utotoni kitambaa kilichobanwa kwa pini moja kinafanya nini ukikivuta. Hakiji moja kwa moja. Kinazunguka kwenye pini. Kilima hakikuteremka tu. Kilikuwa kimegeuka, na kadiri kitu kilivyokuwa mbali na nguzo, ndivyo kilivyozidi kupelekwa upande. Nyumba ya baba yake ilikuwa mbali na nguzo.

"Natafuta nguzo nyingine," alisema. Hakuitambua sauti yake. "Namba mbili. Iko kwenye tope hili. Nisaidieni, jamani, ni zege kama kigoda."

Dereva, kamanda na watu watano walitawanyika na nondo, wakichoma tope kila hatua. Ilipatikana karibu na ule mti ulioanguka, imezikwa kina cha mkono. Nukta akaifukua, akapima. Sasa alikuwa na nguzo mbili, kwa hiyo alijua ardhi imesogea kiasi gani na imegeuka kiasi gani. Alihesabu mara moja, akahesabu tena, akampa dereva amsomee namba kwa sauti ili asijidanganye. Kisha akashika fimbo, akatembea.

Alipita shimo. Alipita wachimbaji. Namba zilikuwa zinapungua, zinapungua, na kabla hazijaisha alikuwa amekwisha kuona zinakompeleka. Alisimama miguu yake ikiwa imegusa lundo la udongo.

Kina mama walikuwa wamekaa pale na vikombe vyao.

"Inukeni," Nukta aliwaambia. "Samahani, mama zangu. Inukeni."

Spana alikuwa nyuma yake na beleshi mkononi. Alilitazama lundo, akamtazama dada yake, na ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa aliinama. Alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni, akaanza kuutoa udongo ule ule ambao yeye mwenyewe, kuliko mtu mwingine yeyote, alikuwa ameutupa pale jana kutwa.

Kuondoa lundo peke yake kulikula asubuhi yote. Chini ya lundo kulikuwa na tope, chini ya tope bati, na chini ya bati ile kona, ukuta wa duka na ukuta wa chumba bado zimeshikana. Meza ya kukatia ilikuwa imebeba paa lililoanguka. Mzee alikuwa chini ya meza, amejikunja ubavu. Alikuwa ameshakufa. Mwili haukuwa umevunjika. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo, na ukutani, mbele ya uso wake, palikuwa na mikwaruzo.

Nukta aliiona. Spana naye aliiona. Yeye ndiye aliyevua koti lake akaifunika mikono ya mzee kabla watu wengine hawajasogea.

Daktari wa kikosi alimchunguza pale pale, chini ya turubai. Nukta alimfuata.

"Aliishi muda gani?"

"Dada yangu, usijitese."

"Nataka kujua kama jana jioni alikuwa hai."

Daktari alivua glavu zake, moja baada ya nyingine. "Inawezekana. Inawezekana pia hakumaliza hata saa nzima. Siwezi kukuapia hili wala lile, na sitaki kukudanganya."

Nukta alikuwa bado amesimama pale, tope limemkauka usoni, mtu alipomshika mkono. Alikuwa mama muuza mkaa, aliyekuwa na kibanda kwenye kona ya mtaa wao. Binti yake alikuwa ndani asubuhi ya mporomoko.

"Nukta, mwanangu. Na mimi."

Nyuma yake walikuwepo wengine. Walikuwa wamesimama kimya, kila mmoja na beleshi lake au mikono mitupu, wakisubiri. Hakuwa na namba za nyumba zao, lakini alikuwa na picha ya mtaa iliyopigwa kutoka angani, na sasa alikuwa na nguzo mbili. Alitaka kulala chini ya turubai karibu na baba yake asiamke. Alitaka wote waondoke wamwache. Alimwambia dereva alete kompyuta.

Kwa mama muuza mkaa walichimba muda mfupi tu. Kamanda aliinua mkono, wakanyamaza, na kutoka chini kikasikika kitu kinagonga bati. Walimtoa yule msichana jioni, mguu umevunjika, anatetemeka, anaomba maji. Watu walilia, wakakumbatiana, mtu mmoja akambeba Nukta juu juu. Nukta alicheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Ndani yake kulikuwa na wivu mchungu, mchungu kiasi kwamba hakuweza kumtazama yule mama usoni. Alimwonea wivu kwa sababu huenda baba yake naye alianza na saa zile zile, na yeye Nukta ndiye aliyezipoteza. Aliona haya kwa wivu huo, na haya haikuupunguza. Nyumba nyingine nne walizozipata baada ya hapo hazikuwa na mtu hai.

Walimzika mzee karibu na mama yao, upande wa bonde. Ndugu walikuja, majirani waliobaki walikuja, na wengi walimpa Nukta mikono miwili wakamwambia Mungu ambariki kwa aliyoyafanya. Spana alisimama upande wa pili wa kaburi. Watu walipotawanyika alimkaribia, na Nukta alifikiri anakuja kumshika.

"Ulisema hapa," Spana alisema. "Ulichomeka kijiti. Je, niliuliza kama una uhakika?"

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Nilimrundikia Baba udongo kwa mikono yangu, Nukta, siku nzima, kwa sababu sikuuliza."

Akaondoka. Jumapili ile hakuja, wala iliyofuata. Nukta alipopiga simu, wifi yake alipokea, akasema yuko gereji, yuko chini ya gari, amelala. Watoto wa kaka yake walikuwa wakimtumia salamu kwa siri. Ofisini walimpa likizo, akaikataa, kisha akaiomba, kisha akairudisha kabla haijaisha. Taarifa yake ya zamani ilitafutwa ikapatikana, watu waliobaki upande ule wa kilima wakahamishwa haraka haraka, na mkuu wa idara akamsifu mbele ya wageni. Alisimama pale akisifiwa, anahesabu vigae vya sakafu ili asipige kelele.

Spana alikuja mvua zilipokuwa zimekwisha kabisa. Alibisha hodi kwenye vyumba vya Nukta mchana wa Jumapili, akiwa na nguo za kazi, mikono imeoshwa lakini bado ina mafuta kwenye mistari. Alikuwa amekonda. Nukta alimwekea chai. Walikunywa nusu kikombe.

"Nieleze," Spana alisema mwishowe. "Kiligeukaje? Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyesoma."

Nukta aliweka sinia mezani, juu yake sukari, kijiko na kibiriti. Akaishika sinia ukingo mmoja, akaivuta na kuizungusha. Alimwonyesha jinsi sukari ilivyokwenda hapa na kibiriti kule, ingawa vyote vilikuwa kwenye sinia moja. Spana aliizungusha mwenyewe mara mbili, tatu, kama anavyozungusha gurudumu kusikiliza kasoro.

"Kwa hiyo ukiwa na nguzo moja, huwezi kujua kama imegeuka."

"Huwezi."

"Basi usingeweza kujua."

Alikuwa anampa njia ya kutokea; Nukta alimwona akiifungua kama mtu anayefungua mlango wa gari kwa abiria mgonjwa. Ilikuwa rahisi kuingia.

"Kaka, nilijua kwamba sijui," alisema. "Hilo tunafundishwa mwanzo kabisa. Nilikumbuka pale pale garini. Nilipaswa kukuambia subiri, nitafute ya pili kwanza. Lakini ulikuwa umesimama kwenye mvua unaniangalia, na mimi nilitaka tuanze kuchimba. Sikuweza kuvumilia kuona hatuchimbi."

Spana alitazama sinia.

"Ungeniambia subiri," alisema polepole, "ningekupiga."

"Najua."

"Siyo mzaha. Ningekupiga, ningechimba popote."

Alimaliza chai yake iliyokwisha kupoa, akainuka, akachukua kofia yake. Mlangoni alisimama kidogo kama aliyesahau kitu, kisha akatoka bila kuaga, na Nukta akasikia hatua zake zikishuka ngazi mpaka zikapotea.

Jumapili iliyofuata alikuja tena, na watoto. Alikuwa ameleta bawaba mpya ya dirisha la jikoni lililokuwa halifungi, akaibadilisha, akala, akawakemea watoto kwa kelele. Habari za kilima hazikutajwa. Jioni walipoondoka, Nukta alikaa jikoni, akalifungua lile dirisha akalifunga, akalia mpaka macho yakavimba, kisha akaosha vyombo.